Besi Mbili, Mpigaji Mmoja: Dabalbesi na Gitaa la Besi Katika Shimo la Okestra

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa vijenzi vya tamthilia hatachelewa kutaja ploti, wahusika, maudhui, mandhari na mtindo. Ni nadra amtaje mtu aliyeketi gizani chini ya jukwaa, akiwa amekumbatia chombo kirefu kumpita yeye mwenyewe. Makala haya yananuia kumtoa mtu huyo gizani, angalau kwa kurasa chache. Tutajikita katika kazi yake moja ambayo, kwa maoni yetu, yampasa kuielewa yeyote anayethubutu kuhakiki tamthilia ya kimuziki: kazi ya kuhama kutoka dabalbesi hadi gitaa la besi, na kurudi, pengine mara nyingi katika onyesho moja.

Tuanze na istilahi. Shimo la okestra ni sehemu iliyo chini ya kimo cha jukwaa, baina ya waigizaji na hadhira, wanamoketi wanamuziki. Katika jumba la Bayreuth nchini Ujerumani, lililofunguliwa mwaka wa 1876, Richard Wagner alitaka shimo hilo lifichwe ili mtazamaji asimwone mpigaji hata mmoja. Majumba ya Broadway jijini New York na West End jijini London yana mashimo yao hadi leo, ijapokuwa siku hizi baadhi ya wapigaji huwekwa katika chumba cha kando na kuunganishwa na wenzao kwa nyaya na skrini. Dabalbesi nayo ni chombo cha mbao, kubwa la jamii ya fidla, chenye nyuzi nne kwa kawaida, ambacho hupigwa mtu akiwa amesimama au ameketi kwenye kigoda kirefu. Gitaa la besi ni changa zaidi. Mnamo mwaka wa 1951 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa aliloliita Precision Bass. Jina hilo lilitokana na vyuma vyembamba vilivyopachikwa shingoni mwake: mpigaji akibonyeza uzi nyuma ya chuma, noti hutoka ilivyokusudiwa. Dabalbesi haina vyuma hivyo. Sikio ndilo chuma chake.

Ilikuwaje basi vyombo hivi viwili vikaangukia mikono ya mtu mmoja? Hair ilipofika Broadway mwaka wa 1968, na Jesus Christ Superstar mwaka wa 1971, roki iliingia ukumbini pamoja na gitaa lake. Watunzi waliofuata hawakuona sababu ya kuchagua. Tukio moja likawa na mwendo wa jazi unaodai dabalbesi, la pili mdundo wa roki, la tatu maombolezo yanayotaka uta. Kuajiri wapigaji wawili ni gharama, na shimo lenyewe ni finyu. Mmoja akakabidhiwa vyote viwili, na vyama vya wanamuziki nchini Marekani vikapigania alipwe nyongeza kwa kila chombo cha ziada.

Asiyeijua kazi hii atadhani ni jambo jepesi. Kwani nyuzi za vyombo hivi hazikazwi kwa mfuatano uleule wa E, A, D na G? Kweli, na ule uzi mzito kabisa hutetema takriban mara 41 kwa sekunde katika vyote viwili. Ufanano huo ndio mtego. Uzi wa dabalbesi una urefu wa takriban sentimita 105 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, ilhali ule wa gitaa la kawaida una sentimita 86. Hivyo basi, nusu toni ya kwanza kwenye dabalbesi huchukua karibu sentimita 6, na kwenye gitaa haifiki 5. Tofauti ya sentimita moja ni ndogo kwa fundi seremala lakini kwa sikio ni msiba. Mkono wa kushoto hulazimika kuwa na sarufi mbili. Kwenye gitaa kila kidole hupewa chuma chake, vidole vinne vyuma vinne. Kwenye dabalbesi, katika sehemu ya chini ya shingo, kidole cha tatu na cha nne hubonyeza pamoja, na mkono mzima hufunika toni moja tu. Anayehama bila kubadili sarufi hufanya kosa analolifahamu kila mwalimu wa lugha ya pili: huzungumza lugha mpya kwa kanuni za ile ya kwanza.

Mkono wa kulia nao una yake. Dabalbesi hudai nguvu. Uzi huvutwa kwa ubavu wa kidole, na uzito wa mkono mzima husaidia. Gitaa hutosheka na ncha za vidole viwili vinavyopokezana. Atokaye kwenye dabalbesi hulikaba gitaa kana kwamba anataka kulinyonga, na sauti hutoka kali kupita kiasi. Zaidi ya hayo, noti ya dabalbesi iliyodonolewa hufifia upesi, bali ya gitaa huendelea kulia hadi inyamazishwe. Mpigaji wa gitaa hana budi kujifunza kunyamaza, na kunyamaza huko ni kitendo cha mkono, si cha nia.

Mwandishi wa makala haya anayasema hayo kwa tajriba chungu. Kwa miaka kadhaa nilipiga gitaa la besi kanisani, na nilipoombwa kupiga vyombo vyote viwili katika mchezo wa kimuziki wa wanafunzi, nilikubali kwa majivuno ya asiyejua. Katika onyesho la pili kulikuwa na tukio la mama anayemlilia mwanawe. Nilikuwa na baa nane za kuhama (namaanisha baa za muziki, si zile za vinywaji). Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, baa nane za mapigo manne ni sekunde 16. Niliweka gitaa chini, nikaichukua dabalbesi, nikasahau kufunga sauti ya gitaa. Dabalbesi ikaligusa. Mngurumo uliotoka kwenye spika uliimeza kauli ya mwisho ya mama yule, kauli ambayo mchezo mzima ulikuwa ukiielekea. Mwigizaji hakunilaumu. Watazamaji wa safu za mbele walicheka, nao nisingeweza kuwalaumu.

Tangu hapo nilianza kuuliza waliobobea. Waliniambia mambo ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya uhakiki. Gitaa huwekwa kwenye kishikilio, shingo ikielekea mkono wa kushoto, ili linyakuliwe bila kutazamwa. Huwepo kibonyezo cha mguu kinachonyamazisha chombo kimoja kabla ya kingine kuguswa. Viwango vya sauti vya vyote viwili hulinganishwa kabla ya hadhira kuingia. Uta huwa na mfuko wake kando ya kinara cha noti. Na kwenye daftari la noti, penye hatari, mpigaji huchora miwani kwa penseli. Maana yake ni "fungua macho, mtazame mwongozaji". Mimi sikuwa nimechora chochote.

Msomaji wa Kiswahili atauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kupitia taarabu. Bendi kubwa za Unguja, mathalani Culture Musical Club, zimeihifadhi dabalbesi katika safu iliyoathiriwa na okestra za Misri, pamoja na ganuni, udi, fidla na akodioni. Kule Tanga, katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club iliingiza magitaa ya umeme, la besi likiwemo, na sura ya taarabu ikabadilika. Wahakiki wengi wameyajadili mabadiliko hayo kwa upande wa maudhui na mipasho. Kwa maoni yangu wameusahau mshororo. Mshororo wa mizani 16 una kituo katikati, na noti ya dabalbesi inayofifia huliachia sikio nafasi ya kukisikia kina cha ndani. Gitaa lisiponyamazishwa kwa wakati hukijaza kituo hicho, na msikilizaji hupata mdundo akapoteza kina. Kosa hapo si la gitaa, ni la mkono uliohama bila kuhama.

Upo pia mpaka ambao ustadi pekee hauvuki kwa urahisi. Maqamu kama rasti na bayati yana noti zinazoangukia kati ya nusu toni mbili. Kwenye dabalbesi kidole husogea kidogo tu na noti hiyo ipo. Kwenye gitaa hakuna chuma mahali hapo. Mpigaji huuvuta uzi kando ili kuipandisha noti ya chini yake, la sivyo huiruka kabisa na kumwachia mpiga fidla.