Kuchoma Nyama ya Nguruwe kwa Moshi na Moto Mkali

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni la jikoni, lakini msidhani ni la akina mama peke yao, kwa maana wachomaji wengi wa nyama ya nguruwe ni wanaume. Na wenzetu ambao hawali nyama hii kwa sababu ya dini yao wasiondoke darasani. Jiko tutakaloeleza lafaa pia kwa mbuzi na kuku.

Tuseme uko Mwimbi, katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa. Umechinja nguruwe. Nyama nyingine mmekula siku ile ile, na nyingine umeitundika juu ya mafiga ipate moshi. Baada ya siku mbili imekuwa nyeusi kwa nje na inanukia vizuri. Je, imeiva? La, haijaiva. Moshi wa namna hiyo huikausha nyama na kuitia harufu tu. Kinachoivisha nyama ni joto, tena joto lililofika ndani mpaka mfupani.

Kwa nini twashikilia neno hili? Kwa sababu ya mnyoo anayeitwa tegu. Mwalimu aliandike ubaoni: TEGU. Mnyoo huyu hukaa tumboni mwa mtu, na aweza kufikia urefu wa meta kadhaa. Mayai yake hutoka pamoja na choo. Nguruwe anayezurura akila choo kile, mayai huanguliwa ndani yake, na watoto wa tegu huingia katika nyama. Huko hukaa ndani ya vifuko vidogo vyeupe, kama punje za mchele. Mtu akila nyama ile mbichi au iliyoiva nusu, naye hupata tegu.

Lakini ubaya mkubwa zaidi ni huu. Mtu mwenye tegu asiponawa mikono baada ya kwenda chooni, mayai huingia katika chakula chake au cha jirani yake. Anayeyameza, vifuko vyaweza kuota mwilini mwake, hata katika ubongo. Ndipo huanza kuanguka kifafa. Wako watu ambao majirani wamesema wamerogwa, kumbe ni tegu. Ugonjwa huu umeonekana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wanakofuga nguruwe wengi, na Rukwa imo. Mwenye kuanguka kifafa apelekwe hospitali. Dawa zipo.

Basi kabla ya kuwasha moto, nyama ikaguliwe na mtaalamu wa mifugo. Ukiona punje nyeupe, usiile wala usiiuze.

Sasa tuje kwenye jiko. Tafuta pipa la chuma lililobeba mafuta ya kula. Lililobeba lami au dawa za shamba usilitumie hata ukiliosha mara kumi. Lilaze chini, ukate mlango mrefu kwa juu wenye kufunguka na kufungika. Weka wavu wa chuma ndani. Upande mmoja, chini, toboa tundu la kuingiza hewa. Moto utakaa hapo. Upande wa pili, juu, toboa tundu la kutolea moshi. Nyama italala upande huu wa pili, wala si juu ya makaa. Nguruwe ana mafuta mengi, na yakidondokea motoni huwaka na kuipaka nyama masizi machungu. Weka sufuria kuukuu yenye maji chini ya wavu iyapokee.

Kwa nini matundu mawili? Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda na kutoka juu. Ikitoka, huvuta hewa baridi iingie chini, na moto hupata nguvu. Jambo hili halikuletwa Ufipa na wageni. Wafua chuma wa zamani wa Kifipa walijenga matanuri ya udongo marefu kupita mtu, yenye matundu chini kuzunguka pande zote. Matanuri yale yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto, na joto lake lilitoa chuma katika mawe. Sisi hatuhitaji joto la namna ile! Lakini njia ni ile ile: ukitaka moto mkali, fungua tundu la chini, ukitaka upungue, lizibe kidogo.

Kuni ziwe kavu. Mpera ni mzuri, na mparachichi pia. Magunzi ya mahindi yaliyokauka hutoa moshi mtamu, na Ufipa hayanunuliwi. Usitumie msindano, kwa maana utomvu wake hutia nyama uchungu, wala mbao zilizopakwa rangi. Moshi mzuri ni mwembamba. Ukiona moshi mzito mweupe, kuni ni mbichi au hewa ni kidogo, na jiko halina joto. Wakati wa masika weka kuni ndani ya nyumba wiki nzima kabla.

Kwa nyama ya bega ya kilo 2, twanga pamoja kwenye kinu: chumvi vijiko 4 vya chai, pilipili manga vijiko 2, binzari nyembamba kijiko 1, pilipili kichaa kavu 2, punje 6 za kitunguu saumu na tangawizi kama kidole gumba. Watu wengine hutia sukari. Mimi nasema, katika moto mkali sukari huungua ikawa chungu. Iache kwa chai. Pangusa nyama ikauke, kisha isugue kwa viungo pande zote na uifunike mahali pa baridi muda wa saa 2. Viungo hivi ni kwa ladha tu. Pilipili haiui tegu, hata iwe kali namna gani, na chumvi ya kupaka juu haifiki katikati ya kipande kinene.

Jiko likipata moto, pima joto kwa mkono. Weka kiganja juu ya wavu, mahali pa nyama, uhesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ukishindwa kufika 6, joto latosha. Ukifika 10 bila taabu, ongeza kuni. Weka nyama, funga mlango, wala usifungue kila mara kuchungulia, kwani joto lote hutoka. Baada ya saa 1 igeuze. Kwa kawaida kilo 2 huchukua saa 2 na nusu hivi.

Kuijua kama imeiva, ikate pale ilipo nene zaidi, mpaka mfupani. Maji yake yawe meupe, bila damu. Pembeni waweza kuona mstari wa wekundu. Huo ni wa moshi, usikutishe. Wekundu wa kuogopa ni ule wa katikati na wa karibu na mfupa. Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati. Kikionyesha digrii 75, tegu amekufa. Isipofika, irudishe jikoni. Wageni wangoje.

Iache ipumzike dakika 15, kisha uikate kwa kisu kingine, si kile ulichokatia nyama mbichi.

Sasa hesabu. Nyama ya kilo 2 imetiwa vijiko 4 vya chumvi. Una paja la kilo 5: utatia vijiko vingapi? Na nyama iliyowekwa jikoni saa 4 asubuhi, ikahitaji saa 2 na nusu, itaondolewa saa ngapi? Andikeni majibu kwa maneno, si kwa tarakimu tu, mwalimu ayasahihishe.