Lori Halipandi Mtumbwi

Kabla ya video, kupeleka sinema vijijini ilikuwa kazi ya lori. Taa ya projekta hula umeme mwingi, kwa hiyo jenereta nayo ilibebwa, pamoja na mikebe ya filamu. Mradi wa sinema wa BEKE, uliokuwa Vugiri, Usambara, ulianza kuzunguka hivyo mwaka 1935, filamu moja ikieleza habari za safura. Sauti, ajabu, ilitoka kwenye santuri!

Kibiti iko kwenye barabara ya Lindi, lori hufika. Visiwa vya delta ya Rufiji ni mikoko, mito na mitumbwi. Mimi naona elimu inayongoja lori huwaacha wale wale walio mbali na zahanati. Deki ya video, televisheni na jenereta ndogo huenea mtumbwi mmoja.