Kwa nini mtoto mchanga hapewi maji hata wakati wa joto

Mchana wa joto mtoto analia, na bibi anaagiza kikombe cha maji ili ampoze. Ni huruma, lakini ina hatari. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji. Dawa alizoandikiwa na daktari hazimo katika katazo hilo. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, hivyo kiu hukatwa kwa kunyonyesha mara nyingi zaidi. Maji hujaza tumbo, mtoto akanyonya kidogo. Yasipokuwa safi, humharisha. Baada ya wiki ya kwanza, nepi zikilowa mara 6 au zaidi kwa siku, kwa kawaida ni ishara kwamba anashiba.