Neno "Tuzo" na Sherehe ya Kutuza Wanamuziki Tanzania

Neno tuzo ni moja katika maneno ya Kiswahili yaliyopanuka matumizi kwa sababu ya televisheni. Mwaka 1999 Baraza la Sanaa la Taifa lilianzisha sherehe ya kila mwaka ya kuwatuza wanamuziki wa Tanzania. Kwa muda mrefu sherehe hiyo ilijulikana kwa jina la bia iliyoifadhili, Kilimanjaro. Ilifanyika mpaka mwaka 2015, ikanyamaza miaka kadhaa, kisha ikafufuliwa mwaka 2022. Jina lake rasmi limeandikwa kwa Kiingereza, lakini watu huiita Tuzo za Muziki. Kila mwaka ifanyikapo huzuka ubishi: nani amestahili, na nani amepunjwa. Ubishi huo una mzizi katika neno lenyewe, na yafaa mzizi huo uchimbuliwe.

Tuzo ni jina litokanalo na kitenzi -tuza, ambacho husemwa pia -tunza, yaani kumpa mtu kitu kwa ajili ya jambo zuri alilolitenda. Hapana budi kuitenga -tunza hii na -tunza yenye maana ya kuhifadhi. Vilevile isichanganywe na mtunzi, ambaye asili yake ni -tunga: sauti ya mwisho ya mzizi imegeuka mbele ya kiambishi -i, kama vile -jenga ilivyozaa mjenzi. Basi mtunzi hutunga na mtuzaji hutuza. Sauti za maneno hayo hukaribiana, lakini kazi zake ni mbali.

Tuzo si sawa na zawadi, wala si sawa na ujira. Zawadi hutolewa kwa mapenzi, hata kwa mtu ambaye hakutenda lolote. Ujira ni haki ya aliyefanya kazi kwa mapatano, naye akinyimwa aweza kuudai. Tuzo husimama kati ya hayo mawili: hufuata tendo, lakini halidaiwi. Aliyetuzwa hushukuru, asiyetuzwa hana mahali pa kushtaki.

Maana hiyo huonekana wazi katika taarabu, muziki uliopata malezi yake Zanzibar katika enzi ya Sultani Barghash (1870–1888), na ambao chama chake kikongwe, Nadi Ikhwan Safaa, kiliundwa mwaka 1905. Mwimbaji afikapo kwenye ubeti uliomgusa msikilizaji, msikilizaji huinuka, hwenda mbele kwa madaha, akamtuza fedha mkononi au kichwani. Katika tendo hilo yamo mambo matatu. Kwanza, mtoaji ni msikilizaji mwenyewe. Pili, hutoa wakati ule ule wimbo unapoimbwa. Tatu, hutoa mbele ya macho ya watu, na pengine tendo lake ni ujumbe: ubeti alioinukia huwa jibu kwa mpinzani wake aliyeketi ukumbini. Kwa hiyo anayetuza huonekana sawasawa na anayetuzwa.

Katika sherehe ya televisheni mambo hayo matatu yamebadilika. Mtoaji si msikilizaji mmoja, bali ni shirika litoalo kwa niaba ya majaji na wapiga kura. Wakati wa kutoa si wakati wa kuimba. Wimbo ulikwisha kusikiwa mwaka uliotangulia. Watu wanaotazama wako majumbani, hawawezi kuinuka na kulifikia jukwaa. Kura ya simu, iliyotumika katika sherehe hizi, ni jaribio la kuwarudishia nafasi yao. Lakini kura haina uso. Mtu aliyekwenda mbele ya ukumbi na noti yake alijulikana. Aliyepiga kura hajulikani, na kwa sababu hiyo hushukiwa.

Badiliko hilo limeingia hata katika sarufi. Kwa mazoea ya zamani mwimbaji alituzwa, au alipewa tuzo. Kitenzi kilikuwa cha kutendwa, na mtendaji alikuwa mtu mwingine. Siku hizi mwanamuziki huwania tuzo, hushinda tuzo, hunyakua tuzo, hutwaa tuzo. Mwaka 2014, Diamond Platnumz alipopata tuzo saba kwa usiku mmoja, vitenzi vya namna hiyo ndivyo vilivyotawala mazungumzo. Vyote hivyo vimetoka vitani na michezoni. Mathalan -shinda: mtu humshinda adui, au hushinda vita, kushinda kitu kwa maana ya kukipata ni matumizi yanayofuata mwendo wa Kiingereza. Tuzo limekuwa kombe, na mwanamuziki amegeuzwa kuwa mtendaji wa jambo ambalo asili yake hutendewa.

Huenda mtu akapinga, akisema kwamba mashindano si mageni katika pwani hii. Ni kweli. Marini na Arinoti walishindana kwa beni. Black Star na Lucky Star walishindana kwa taarabu mjini Tanga. Lakini katika mashindano hayo ushindi na tuzo vilikuwa mambo mawili. Ushindi ulikuwa wa kundi zima, na mwamuzi wake alikuwa umati uliokwenda huku au kule. Tuzo lilikuwa la mwimbaji mmoja, kutoka kwa mkono mmoja. Kundi liliweza kushindwa na mwimbaji wake akarudi nyumbani ametuzwa.

Sherehe ya sasa imeviunganisha vitu hivyo viwili, na hapo ndipo ubishi unapozaliwa. Neno tuzo humwambia msikilizaji kwamba yeye ndiye mtoaji. Kitenzi -shinda humwambia mwanamuziki kwamba ziko kanuni, na kwamba aliyekosa aweza kulalamika. Kila mmoja hudai haki kwa mujibu wa neno lake, na kila mmoja ana hoja.

Lugha haiwezi kumaliza ugomvi wa watu, lakini yaweza kuwaonyesha wanagombania nini. Ikiwa waandalizi wanataka mashindano, yafaa wazitangaze kanuni na hesabu ya kura kama ifanywavyo katika michezo. Ikiwa wanataka tuzo kwa maana yake ya asili, basi yafaa mtoaji ajulikane, na asimame mbele ya watu aseme ni ubeti gani uliomwinua kitini. Na watangazaji, ambao Kiswahili chao huigwa na wengi, wangefanya vema kukumbuka kwamba lugha inacho kitenzi chake kizuri kwa jambo hili: mwimbaji ametuzwa.