Jasho la Usiku na Shuka Tunazolalia

Wapo akina mama wenzetu waliozoea kulala usingizi mzito miaka yote, kisha wakifika miaka 47 au 50 huanza kuamka usiku wa manane shingo, kifua na mgongo vikiwa vimelowa chepechepe. Huanza kama moto unaopanda kutoka kifuani kwenda usoni. Moyo unadunda, jasho linamwagika, na baada ya dakika chache mwili unapoa mpaka mama anatetemeka. Baba akiuliza kulikoni, hujibiwa, “Malaria tu.” Asubuhi mama anameza dawa bila kupima. Wiki inayofuata mambo ni yale yale, na dawa nyingine inanunuliwa.

Mara nyingi si malaria, ni dalili ya hedhi kukaribia kukoma, jambo ambalo kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Homoni iitwayo estrojeni inapopungua, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, ubongo hudhani mwili umezidiwa, hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kuamuru jasho litoke. Kwa wengine hali hii hudumu mwaka mmoja au miwili, kwa wengine miaka 7 au zaidi. Si ugonjwa, wala mama hajarogwa, ingawa wapo walioambiwa hivyo na majirani.

Vilevile akina mama vijana wasidhani habari hii ni ya mama wakwe zao tu. Mwanamke aliyejifungua naye hutoka jasho jingi usiku katika wiki za kwanza, kwa sababu homoni zake zimeshuka kwa ghafla. Na katika nyumba nyingi mzazi hufunikwa blanketi zito na madirisha kufungwa, eti asipigwe na baridi. Hapo jasho huwa mara mbili.

Kabla hatujagusa habari ya shuka, hatuna budi kusema jambo moja kwa uwazi. Jasho la usiku linaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa. Ikiwa mama anakohoa wiki mbili au zaidi, anapungua uzito bila kujua sababu, au ana homa za jioni, aende akapimwe kifua kikuu bila kuchelewa. Ugonjwa huo unatibika, na katika hospitali za serikali dawa zake hutolewa bure. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kuleta jasho la namna hiyo, na kipimo chake ni cha dakika chache. Mzazi mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, tumbo linalouma au uchafu wenye harufu mbaya asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akiamka amelowa jasho huku akitetemeka, huenda sukari yake imeshuka mno. Apime, na kama hana kipimo anywe kitu cha sukari mara moja. Khanga nzuri ya pamba haiponyi lolote kati ya hayo.

Sasa kwa mama aliyekwisha kupimwa akaambiwa hana ugonjwa, swali linabaki: amelalia nini, na amejifunika nini?

Siku hizi shuka nyingi zinazopangwa madukani na kandokando ya barabara ni za poliesta. Zinavutia. Zina maua makubwa, hazikunjamani, hazichuji, na bei yake ni rahisi. Hatumlaumu mama anayezinunua. Tatizo ni kwamba poliesta ni plastiki iliyosokotwa kuwa uzi, na plastiki hainywi maji. Uzi wa pamba uliokaa kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake na bado ukiugusa unauona mkavu. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Kitani, ambacho wasomaji wa Biblia tunakifahamu zaidi kwa jina kuliko kwa macho, hubeba kama asilimia 12, lakini bei yake si ya kila nyumba. Kwa hiyo jasho likitoka juu ya pamba hunyonywa na kuondoka kwenye ngozi. Likitoka juu ya poliesta nzito hubaki hapo hapo, likinata.

Tuseme ukweli: pamba haizuii jasho lisije. Moto utapanda vilevile. Tofauti ni kile kinachofuata, yaani kama mama atageuka upande wa pili na kuendelea kulala, au atakaa kitandani macho wazi hadi jogoo awike, kisha asubuhi awagombeze watoto bila kosa. Pia pamba iliyolowa sana huchelewa kukauka na huleta baridi mwilini. Ndiyo maana tunashauri khanga ya pili kavu iwekwe karibu na mto, ili mama abadilishe gizani bila kuwasha taa.

Utaitambuaje pamba? Lebo ikiwa ipo, isome. Katika mitumba mara nyingi ipo, imeshonwa pembeni, na ile iliyoandikwa “100% cotton” ndiyo tunayoitafuta. Shuka nyeupe kuukuu za mitumba, zilizofuliwa mara nyingi hadi zikalainika, zina manufaa kuliko nyingi mpya. Kama hakuna lebo, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibanio na uuchome nje ya nyumba juu ya beseni la maji. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini yanayosagika kwa vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa. Ukiona majivu pamoja na vishanga, hicho ni kitambaa cha mchanganyiko. Si kibaya kama poliesta tupu, ila usikubali kukilipia bei ya pamba.

Jaribio hilo lifanywe hata kwa khanga. Zamani khanga ilikuwa pamba bila kuuliza, lakini leo zipo zinazoteleza mkononi na kung'aa, na hizo tuziache kwa ajili ya sherehe. Khanga ya pamba ikiwa mpya huwa na wanga unaoizuia kunywa maji, kwa hiyo ifuliwe mara mbili tatu kwanza. Doti moja ikikatwa na vipande viwili kuunganishwa kwa upande mrefu hutoa kifuniko cha karibu mita 2 kwa mita moja na nusu, kinachomtosha mtu mmoja. Fundi yeyote wa mtaani atakishona kwa muda mfupi.

Tukifika kwenye godoro, hapa tunaomba akina mama wasicheke. Nyumba ngapi zina godoro la sponji ambalo bado limevikwa ile nailoni ya dukani, ili lisichafuke? Mtu akilala juu yake ni kama amelala juu ya mfuko. Nailoni hiyo itolewe leo, godoro livikwe kitambaa cha marekani au shuka kuukuu ya pamba, kisha itandikwe shuka yenyewe. Mto wa sufi nao ni bora kuliko wa vipande vya sponji. Sufi yenyewe hainywi maji sana, lakini hupitisha hewa, mradi uanikwe juani mara kwa mara. Chandarua kisiondolewe kwa kisingizio cha joto. Hakigusi ngozi, na mbu hawajui kwamba mama ana shida nyingine.

Nguo ya kulalia iwe pana, isiyobana kwapa wala kiuno. Gauni la nailoni lenye vitambaa vya kung'aa, lile la zawadi ya harusi, lipumzike kabatini. Dera nyingine ni za poliesta, nyingine za viskosi, ambayo hutengenezwa kutokana na miti na hunywa maji vizuri. Uzi ukichomwa utakuonyesha.

Liko pia suala la baba. Yeye husikia baridi wakati mama anaungua, na blanketi moja likivutwa huku na huku usiku kucha, ugomvi wa asubuhi hauna mwanzo unaojulikana. Kila mmoja awe na kifuniko chake juu ya kitanda kile kile. Lakini mama amweleze kwanza. Mume asiyeambiwa anaweza kudhani anakimbiwa, au kwamba mkewe anaficha ugonjwa. Wanaume wengi wakielezwa hutulia, na wapo ambao wenyewe huamka kufungua dirisha. Kwa wenzetu wa Njombe, Makete na Lushoto, ambako usiku ni baridi kali, afadhali vifuniko viwili au vitatu vyepesi kuliko blanketi moja zito, ili mama aondoe kimoja bila kubaki wazi. Kilicho karibu na ngozi ndicho kiwe cha pamba.

Katika kufua, dawa za kulainisha nguo zenye manukato zipunguzwe au ziachwe, maana huacha utando kwenye uzi na kuufanya usinyonye maji. Sabuni ya kawaida, maji ya kusuuza yakiwa mengi, na jua vinatosha.

Mama ambaye hata baada ya hayo yote hapati usingizi wiki kwa wiki aende kwa daktari na aseme waziwazi. Zipo dawa za homoni na zisizo za homoni, na daktari atauliza kwanza habari za saratani ya matiti, kuganda kwa damu na magonjwa ya moyo kabla ya kuchagua.

Na kama fedha ya mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, anza na nguo ya kulalia au khanga, kwa kuwa ndiyo inayogusa ngozi. Mwezi ujao foronya, kisha shuka ya chini. Blanketi lile la manyoya lisitupwe. Watoto watalipokea kwa furaha mwezi wa saba.