Namba za Mashine ya Kupiga Makasia na Matumizi Yake

Mwananchi anayefanya mazoezi kwa mashine ya kupiga makasia huona kwenye skrini muda anaotumia kwa kila mita 500. Wengi hushindana na namba hiyo kila siku, wakachoka na kuacha. Namba hiyo ni kipimo cha kupangia mazoezi.

Kwanza, baada ya kupasha mwili moto, ajipime kwa mita 2,000. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu amwone daktari kabla ya kipimo hicho. Anayemaliza kwa dakika 10 ana wastani wa dakika 2 na sekunde 30, sawa na wati 104 hivi. Kufikia dakika 2 kamili kunahitaji wati 203 hivi, karibu maradufu. Hivyo, kupunguza sekunde chache ni maendeleo makubwa.

Siku nyingi apige taratibu kuliko wastani wake, akiweza kuzungumza bila kuhema. Siku moja au mbili kwa wiki ziwe za kasi. Muda ukirefuka ilhali juhudi ni ile ile, mwili unadai mapumziko.