Kure: Mji Uliofunga Madirisha ya Treni

Enzi za vita, abiria wa treni ya Hiroshima kwenda Kure walipokaribia bandari waliamriwa kufunga madirisha ya upande wa baharini. Kule chini, kati ya vilima na maji, Japani ilikuwa inaunda manowari ambayo haikutaka mtu aione hata ubavu. Siku hizi safari kwa reli hiyo hiyo haifiki saa moja, na mgeni mjanja huwahi kiti cha upande wa kulia ili aone Bahari ya Ndani ya Seto, visiwa vyake vya kijani na vichanja vya kufugia chaza. Hafungi mtu dirisha. Mji ambao zamani ulificha kila kitu, leo sehemu ya riziki yake ni wageni wanaokuja kuangalia.

Wageni wengi wa Hiroshima huzuru Bustani ya Amani na kisiwa cha Miyajima, kisha huondoka. Nawashauri waongeze siku moja ya Kure, ila isiwe Jumanne, maana makumbusho yote mawili makubwa ya hapo kwa kawaida hufungwa siku hiyo.

Jeshi la Wanamaji la Kifalme liliweka makao hapa mwaka 1889. Lilivutiwa na bandari yenyewe: maji ya kina, milima mgongoni, visiwa mbele kama ukuta. Mwaka 1903 karakana zake ziliunganishwa kuwa kiwanda kimoja kikubwa cha silaha na meli, na kijiji cha wavuvi kikavimba hadi kuwa mji wa watu zaidi ya 400,000 wakati wa vita. Leo wamebaki karibu nusu yao.

Makumbusho ya Yamato, yaliyofunguliwa mwaka 2005, yako karibu na kituo cha treni. Kinachomkamata mgeni ni mfano wa manowari Yamato uliopunguzwa hadi sehemu moja ya kumi, na hata hivyo una urefu wa mita 26.3. Unaweza kuutazama kutoka chini kwenye mkuku, ukapanda ukautazama sambamba na sitaha, kisha ukauona kwa juu, kila mzinga na kila ngazi mahali pake. Meli yenyewe ilikuwa na mita 263 na mizinga tisa ya milimita 460, ambayo hakuna manowari nyingine iliyowahi kuifikia kwa ukubwa, isipokuwa Musashi, pacha wake. Ilikabidhiwa jeshi tarehe 16 Desemba 1941, siku chache tu baada ya ndege za Japani kuzizamisha manowari za Marekani kule Pearl Harbor. Yaani ilizaliwa wakati Wajapani wenyewe wameshaonyesha kwamba zama za meli za aina hiyo zimekwisha. Ndege zikaizamisha nayo tarehe 7 Aprili 1945, ikiwa njiani kwenda Okinawa. Katika mabaharia zaidi ya 3,300, hawakufika 300 waliookolewa.

Sifichi kwamba makumbusho haya yananitatiza. Yanafundisha vizuri sana habari za chuma, mitambo na kuunganisha mabamba, na yanaonyesha jinsi ujuzi uliounda Yamato ulivyokuja kuunda meli za mafuta baada ya vita. Lakini mahali penye watoto wengi ni kwenye mizinga. Torpedo iitwayo Kaiten, iliyoendeshwa na mtu asiyetarajiwa kurudi, nayo ipo humo, na inastahili kukaliwa mbele yake muda mrefu kuliko mfano wa meli. Anayetaka kuwakumbuka wafu kwa utulivu apande hadi Nagasako, makaburi ya zamani ya wanamaji, ambako pia kuna mnara wa waliozama na Yamato.

Ng'ambo ya barabara, kwenye makumbusho ya pili, nyambizi ya kweli imepandishwa nchi kavu kama nyangumi aliyekwama. Ni Akishio, yenye urefu wa mita 76, iliyostaafu mwaka 2004. Kuingia ni bure. Ndani, vitanda vimepangwa vitatu vitatu kwenda juu, na nafasi ya kila mtu ni ya kulala chali tu. Kugeuka ni kazi. Mabomba na vishikizo vimejaa kila upande hadi usijue uweke wapi kiwiko. Kwenye chumba cha kuongozea unaruhusiwa kuchungulia kwa darubini ndefu ya nyambizi, na unachokiona ni bandari ya leo.

Wengi hukimbilia nyambizi wakapita sakafu za chini za makumbusho bila kusimama, na hapo hukosea. Humo kuna habari za kutegua mabomu ya baharini. Mwaka 1945 ndege za Marekani ziliyamwaga kwa maelfu katika bahari hii, na kazi ya kuyaondoa iliendelea miaka mingi baada ya amani. Ujuzi huo ndio uliozipeleka meli sita za Japani hadi Ghuba ya Uajemi mwaka 1991, zikategua mabomu 34.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuitazama bandari hii. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na kikosi cha Waingereza kikalazimika kuhamia Kilindini. Wafumbuzi wa misimbo wakapewa nafasi katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, wakawa wananasa mawasiliano ya Wajapani, na humo ndimo walimofumbua msimbo wa meli zao za mizigo. Mwishoni mwa Mei mwaka huo huo nyambizi ndogo za Japani, za aina iliyoundwa katika karakana za Kure, zilishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaharibu manowari ya Waingereza, Ramillies, na kuzamisha meli moja ya mafuta.

Njaa ikiuma, Kure ina jibu. Wanamaji wa Japani hula wali kwa mchuzi mzito wa bizari kila Ijumaa. Wenyewe husema ni ili aliye baharini muda mrefu asisahau siku za juma. Kila meli ina mapishi yake, na migahawa ya mjini hupika mchuzi wa meli fulani kwa idhini ya wanamaji wake. Huo si mchuzi wa Unguja: ni mzito, mtamutamu, hauwashi sana. Nyama na viazi vya kupikwa kwa soya na sukari navyo vinagombaniwa: Kure na Maizuru, mji mwingine wa wanamaji, kila mmoja unadai kuwa chimbuko. Hadithi inamtaja Admeri Togo, aliyefanya kazi miji yote miwili. Viazi ni vizuri. Hadithi sina hakika nayo.

Jioni panda boti la kutembeza wageni bandarini. Linapita karibu na manowari na nyambizi za leo, na mwongozaji huwa ni mwanamaji mstaafu. Mojawapo ya meli zenye makao hapa ni Kaga, inayobadilishwa ili ibebe ndege za kivita za F-35B.

Hilo la Kaga ndilo linalonifanya niikumbuke sheria ya mwaka 1950, iliyokubaliwa pia kwa kura za wakazi wa Kure, Yokosuka, Sasebo na Maizuru, ya kuigeuza miji hiyo ya kijeshi kuwa bandari za viwanda na amani. Kure ilianza vizuri. Kampuni ya Kimarekani ilikodi chelezo za zamani mwaka 1951, na humo ikaundwa Universe Apollo, meli ya mafuta ya kwanza duniani kuvuka tani 100,000. Kiwanda cha chuma nacho kikaota katika ardhi iliyokuwa ya jeshi. Lakini mwaka 1954 wanamaji walirudi kwa jina la Kikosi cha Kujilinda, na Septemba 2023 kiwanda cha chuma kikafungwa kabisa. Miezi michache baadaye, Machi 2024, Wizara ya Ulinzi ikapendekeza kuichukua ardhi hiyo kwa shughuli za kijeshi. Wapo wakazi waliopinga, wakikumbusha kura za 1950 na usiku wa Julai 1945 mji ulipoteketezwa kwa mabomu. Wapo pia waliouliza nani mwingine ataleta ajira kwenye uwanja mkubwa namna ile.